Upanga Uliojifunza Kulia

Jumatatu, 3 Februari

Shule imeisha tangu Desemba. Leo nimezungumza na watu wawili. Shangazi, aliyeniambia nishike uzi. Na mwendesha baiskeli, aliyeniambia nitoke njiani. Huyo wa pili simhesabu.

Mchana kikaingia kikapu cha kundi la maigizo. Shangazi ni fundi cherehani, ndiye anayewashonea. Ndani ya kikapu: majoho, mikanda, na upanga wa plastiki unaohitaji kushonewa ala. Mpini wake una kibao kidogo cha sauti. Ukibonyeza, jitu linacheka: Ha! Ha! Ha! Ukiwasha, kuna taa moja inayomulika kwa shida, kama jicho la mwenye homa.

Mwenye kuushika jukwaani ni Malkia. Tulimwita hivyo hata darasani. Miaka yote alikaa dawati la mbele yangu. Nakijua kisogo chake kuliko ninavyoijua sura yangu. Siku moja aliniomba kifutio, akasema asante. Nilikaa na asante hiyo muhula mzima.

Nina mpango! Nitatia taa kali ndani ya upanga, kimyakimya. Jumamosi, siku ya onyesho, ukumbi utang'aa. Malkia atauliza ni nani kafanya maajabu haya. Shangazi atasema: mtoto wa kaka yangu. Nitaingia kwenye kundi bila hata kufungua mdomo. Sioni panapoweza kuharibika.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa fundi redio. Nilikizunguka kibanda chake mpaka akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikaomba taa za LED, kumi. Akauliza zinaenda wapi.

Kichwa kikawa kitupu. Nikasema: kwenye keki.

Keki! Akauliza ni keki ya nani. Ya rafiki yangu. Ana sherehe? Ndiyo, ana sherehe. Akafikiri kwa makini, akasema kwa keki betri tatu ndogo zinatosha kabisa, maana keki haina kazi nyingine, inakaa tu. Akanichorea namna ya kuunga nyaya, na rezista za kuzuia taa zisiungue. Nilipoondoka akapaza sauti nimpe rafiki yangu hongera.

Nilirudi nikitabasamu. Mtaa mzima, toka kibandani hadi mlangoni kwetu, nilikuwa na rafiki. Tena mwenye sherehe.

Alhamisi, 6 Februari

Shangazi alitoka kununua vifungo. Nikakitoa chuma cha kulehemu alichokiacha Baba alipokwenda kufanya kazi mbali. Nimeunguza kidole, kitambaa cha meza na ncha ya futi ya Shangazi. Imeliwa inchi nzima. Tangu leo kila mteja amenenepa.

Lakini taa! Kumi, zimejipanga ndani ya upanga kama wanafunzi mstarini. Nimeziunga kwenye betri zilezile tatu ndogo za kibao cha sauti. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikawasha. Mama yangu! Niliona hadi pini zilizopotea chini ya cherehani.

Sauti sikuijaribu. Shangazi alikuwa tayari mlangoni, na jitu lingecheka angeuliza kulikoni. Isitoshe, Jumatatu lilicheka vizuri. Haliwezi kusahau kucheka ndani ya siku tatu.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika nikiwa ndani ya shuka.

Nilikaa safu ya mwisho, nyuma ya bwana mmoja mwenye mabega mapana. Ikafika sehemu ya mwisho. Malkia akainua upanga juu ya mfalme mwovu, akawasha. Ukumbi: Aaaa! Mfalme akaziba macho, na hapo hakuwa anaigiza. Nilitaka kumgonga yule bwana begani nimwambie ni mimi.

Kisha Malkia akabonyeza kicheko.

Taa kumi zilikuwa zimezikamua betri. Jitu likasema Ha. Likasema Haaa. Halafu huuu, huuu-uu-uu, polepole, kama mzee aliyefiwa na ng'ombe wake wa pekee. Kila likivuta pumzi, taa zinafifia.

Watu wakaangua kicheko. Sikungoja. Nilipita juu ya miguu ya safu nzima bila kuomba radhi, maana kuomba radhi ni kusema.

Keki haina kazi nyingine. Upanga ulikuwa nayo! Ningesema "upanga" tu. Neno moja.

Jumapili, 9 Februari

Shangazi amenifuata shukani. Kumbe nilikimbia mapema.

Anasema Malkia aliposikia kile kilio alitulia, akaupakata upanga kama mtoto mchanga, akasema: "Basi, basi, mwenzangu. Hata mimi sipendi kuua." Ukumbi ukanyamaza. Kisha wakasimama wote, makofi! Mfalme mwovu akasamehewa, jambo ambalo halikuwemo kwenye igizo, na mwenyewe hakujua aelekee wapi. Shangazi alipoulizwa ni kazi ya nani, akajibu: ya mtoto wa kaka yangu, na futi yangu kaichoma yeye huyohuyo.

Mara mlango ukagongwa. Sauti ya Malkia! Nikaruka nyuma ya majoho yaliyotundikwa. Huko nikaukuta upanga, umerudishwa kukazwa ala.

Malkia akakaa. Akauliza nipo wapi. Shangazi akasema nipo karibu, karibu mno. Malkia akasema kundi linanitaka, hawana mtu wa taa. Akasema ananikumbuka: "Yule wa nyuma yangu, mwenye kifutio."

Anakumbuka kifutio! Nikaukumbatia upanga kwa nguvu zote.

Huuu-uu-uu, ukalia.

 Kisha Malkia akasema, "Mama, nguo zako zina majonzi."

"Ndivyo zilivyo," akasema Shangazi. "Tangu Desemba."

Malkia akaja akasimama mbele ya majoho. Akayaambia, taratibu, kwamba mazoezi ni Jumanne baada ya chakula cha mchana, na mlango utakuwa wazi. Niliviona viatu vyake. Kamba ya kushoto ilikuwa imefunguka. Ningeweza kumwambia hata hilo.

Sikumwambia.

Jumanne, 11 Februari

Kosa nimelijua. Ni betri!

Mpango mpya ni mzuri kuliko wa kwanza. Kisanduku chenye kibao cha sauti kitakachopiga hodi badala yangu. Juu yake taa ishirini, ili atakayefungua asinione vizuri kwa haraka. Na betri kubwa. Asubuhi nimerekodi hodi yangu. Ukiisikiliza, unasikia cherehani ya Shangazi vizuri sana. Hodi yenyewe haimo.

Baada ya chakula Shangazi akanipa upanga ukiwa ndani ya ala yake mpya. Akanifuta unga begani, akasema haya mwanangu, wanakungoja. Nikasema naenda. Nikaenda.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kweli. Walikuwa wameuwekea kiti usije ukajifunga. Ndani mtu alikuwa anacheka, na mwingine akamwambia anyamaze, asikilize kama kuna mtu anakuja. Nikavuka barabara. Nikapita upande wa pili, kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake.

Fundi redio amenikumbuka. Akauliza keki ilikuwaje. Nikamwambia rafiki yangu aliipenda mno, mpaka amenialika tena. Akafurahi, akaacha kazi yake mezani. Akasema ukipata rafiki wa namna hiyo, usimwachie.

Kisha akauliza safari hii taa zinaenda wapi.

Nikauficha upanga nyuma ya mgongo. Nikasema: kwenye keki. Kubwa zaidi.