Kituo cha Kuwauliza Marehemu, Magogoni

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Faith ninayekaa naye dawati moja: hotuba za baba naziandika mimi. Mimi, ambaye jina langu likisomwa kwenye rejista huitika kwa sauti ya mbu. Baba ni mkubwa wa kurugenzi moja. Apenda sana kuzungumza, hapendi kuandika, na hasomi kitu mpaka apande jukwaani. Akifika hufungua faili lake la buluu akasoma kila kilichomo. Mwaka jana niliandika pembeni "(hapa ngoja makofi)", akaisoma hivyo hivyo kwa sauti nzito, na watu wakapiga makofi.

Leo saa nne anazindua kituo cha utafiti wa patholojia, mahali ambapo watu waliofariki bila sababu kujulikana watachunguzwa na madaktari. Hotuba yake nzuri imo tayari kwenye faili. Hii ya pili naiandika kwa ajili ya Ruth, jirani yetu. Amehamia na mtoto wake chumba nambari nne, walimofia Dancun wa bandarini, na baada yake Brian. Wote wawili walikufa msimu wa mvua, wote walikutwa asubuhi kama wamelala tu. Watu wasema chumba kina jini. Mimi nina wasiwasi na jiko la makaa, maana mvua ikinyesha watu huliingiza ndani na kufunga dirisha, na mwalimu wa bayolojia alitueleza kuhusu ile hewa ya makaa isiyo na harufu, iuayo watu usingizini. Jana nilikwenda kumwambia. Nilipofika mlangoni nikaona haya, nikaomba chumvi. Ilikuwa mara ya tatu wiki hii.

"Mweri," akaniuliza, "kwani kwenu mwapika bahari?"

Basi haya ndiyo ambayo baba angesema, kama angelazimika kusema kweli.

*

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hakufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye yuko kwenye foleni ya feri. Waheshimiwa makaimu, manaibu wa makaimu, na makaimu wa manaibu wa makaimu. Viongozi wa dini zote, wale wa kufungua kwa maombi na wale wa kufunga. Wazee wa mtaa, kina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda mlioahidiwa fulana. Mabibi na mabwana mlio hai, na, kwa kuwa leo ni siku yao, marehemu wote: hamjambo? (Hatujambo! Marehemu hawajibu. Katibu anaandika: hawana pingamizi.)

Mimi, Fidel Ngala, Kaimu Mkurugenzi Mwandamizi wa Kurugenzi ya Masuala ya Baada ya Uhai, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao, nathubutu kusema, hakuna afisa mwingine katika Kisauni nzima aliyewahi kuufikia, kuwafahamisha kwamba, baada ya mashauriano ya kina na stakeholders wote, na kwa kuzingatia roadmap yetu ndani ya multi-sectoral framework tuliyoizindua kwenye semina ya kuzindua framework, ofisi yangu sasa iko tayari kulitamka hadharani neno hili: patholojia. (Makofi. "Lirudie!" Analirudia. Makofi zaidi.)

Patholojia ya uchunguzi wa vifo, ndugu zangu, ni ile sayansi ya kumuuliza marehemu, kwa adabu, ni kitu gani kilichomuua, ili sisi tuliobaki kisije kikatuua na sisi. Na faida yake kwa afya ya umma ni kubwa mno, kiasi kwamba tumeunda kamati saba za kuistaajabia, kila kamati na mwenyekiti wake, na kila mwenyekiti na kiti chake cha kuzunguka. Takwimu, ambazo nimezikokotoa mwenyewe garini, zaonyesha kwamba tangu nishike ofisi hii asilimia mia moja ya marehemu hawajaleta lalamiko hata moja, rekodi ambayo wenzangu wanaohudumia walio hai waiota tu. (Vigelegele.)

Kwa upande wa benchmarking, ujumbe wetu wa watu kumi na tisa ulisafiri ng'ambo siku kumi na nne kuitazama maabara ya kisasa, tukafika mpaka mlangoni, tukapigwa picha mlangoni, na mlango ulipofunguliwa tukaona mguu, mguu mmoja tu, wenye kikaratasi kwenye kidole gumba, na papo hapo ujumbe wote ukaazimia kwa kauli moja kurudi hotelini. (Kicheko. Afisa wa itifaki, aliyezimia siku ile, anainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.)

Aidha, tumenunua jokofu la kuhifadhia maiti, la droo sita, jipya kabisa, halijalaza mtu, naapa, na nina furaha kuripoti kwamba linafanya kazi barabara, kwani ndimo zilimolala soda mnazokunywa hivi sasa. (Chupa mia tatu zinawekwa chini kwa pamoja. Mtoto mmoja anauliza: "Yangu ilitoka droo ya ngapi?")

Nikija kwenye utafiti wenyewe, yuko mtaalamu wetu, Daktari Zuleikha, aliyetuandikia barua akisema: nipeni meza, maji ya bomba, taa, na ruhusa ya jamaa za marehemu, nami nitawaambia kwa nini watu wafa vyumbani mvua ikinyesha. Tulimjibu upesi kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika tena, tukamjibu kwamba barua yake kuhusu barua yake imepokelewa vilevile. ("Mpeni meza, wallahi!" mtu anapaza sauti. Meza iliyopo ina kitambaa, maua na kiwiko cha mkurugenzi.)

Hata hivyo hatukukaa bure! Kwa kila kifo tumejaza fomu, na kwa kila fomu tumeandika sababu. Dancun: moyo ulisimama. Brian: moyo ulisimama. Utafiti wetu umethibitisha bila shaka yoyote kwamba hakuna hata mkaazi mmoja wa Magogoni aliyefariki moyo wake ukiendelea. (Makofi yanaanza, yanakatika. Ruth amesimama, mtoto mgongoni.)

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Maswali ni baadaye."

"Baadaye lini, nami leo nalala mle? Nyinyi mwasema moyo. Mchungaji asema pepo. Mwenye nyumba asema ninyamaze. Mimi nishike lipi?"

("Mjibu! Mjibu mwenzetu!")

Na hapa, ndugu zangu, mkurugenzi wenu naitazama karatasi, na karatasi yasema hivi: Mama, hatujui. Waliokuwa na jibu hatukuwauliza, wakazikwa nalo. Lakini toa jiko nje. Mvua ikinyesha, toa jiko nje, hata kama ugali haujaiva, na ufungue dirisha, heri mbu. Umwambie na wa chumba nambari tatu. Binti yangu amekuja mara tatu kukuambia haya haya, akarudi na chumvi. (Hakuna makofi. Ngoja. Usiendelee mpaka Ruth aketi.)

Kwa hayo machache, naomba tusimame. Patholojia? (Juu!) Utafiti? (Juu zaidi!) Marehemu? (Watu wanatazamana. Chini!)

Mwisho kabisa nalishukuru jiwe la msingi, ambalo huu ni uzinduzi wake wa tano, na saa nane lahitajika Likoni kuzindua soko. Nawashukuru mafundi waliolitundika pazia la uzinduzi. Na nawashukuru nyinyi kwa kuja kwa wingi kuzindua kituo ambacho hakipo, hakikuwapo, na hakimo katika karatasi yoyote isipokuwa hii. Nyuma ya pazia hili kuna ukuta wa jirani, na jirani aomba tusiuegemee. Jokofu linarudi sebuleni kwangu, mama watoto ana samaki wake. Asanteni sana, na mwende salama, walio hai kwanza.

*

Nimemaliza. Nilikuwa niichane. Lakini nje mawingu yamekuwa meusi, na kupitia dirishani namwona Ruth akipuliza makaa barazani, huku akitazama juu.

Dereva anapiga honi.

"Mweri!"

"Abee, baba."

"Faili langu uliliweka wapi? Twachelewa!"

"Liko huku kwangu, baba. Nalipanga."

"Hotuba ni ndefu?"

"Ya kutosha, baba."

"Vizuri. Wajua mimi sipendi kuwapunja watu."

Viatu vyake vipya vyalia ukumbini, kwi, kwi, vinakuja. Chini ya godoro ataona pametuna. Mfuko sina. Karatasi hii naificha mahali pekee ninapojua baba hatachungulia kabla ya saa nne.