Mgeni wa Kulipa Kamachumu

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Nimehamia Kamachumu, katika nyumba ya marehemu babu. Kuanzia leo ni nyumba ya wageni. Shangazi Theopista, mwenye kauli ya mwisho kuhusu nyumba hii, ametoa sharti: nisipopata mgeni wa kulipa kufikia Jumapili, ataingia binamu yangu Avit, anayetaka kuoa. Avit aliishia kidato cha pili. Sina wasiwasi.

Jumanne, 19 Novemba
Nimebandika tangazo: “Mandhari ya Ziwa Viktoria.” Avit akauliza ziwa lenyewe liko wapi, maana hata juu ya paa yeye huona migomba tu. Nikamweleza kwamba mandhari ni dhana. Akaenda zake kupalilia.

Alhamisi, 21 Novemba
Mgeni! Bwana Lukmani, mpiga picha kutoka Tanga. Atalala siku tatu, atalipa akiondoka. Nilimtembeza kwa saa mbili hadi ukingo wa mlima. Ukungu mtupu. Nikamhutubia kuhusu ukungu.

Ijumaa, 22 Novemba
Leo nimempa mgeni utamaduni halisi. Nilipasua tunda moja la kahawa iliyokaushwa, nikatafuna punje moja, yeye nyingine. Shangazi alinivuta kando. Akauliza kama najua nimefanya nini, maana kwa Wahaya wanaogawana tunda moja huwa ndugu. Nikamjibu kwamba nimesoma vitabu vinne kuhusu mila hiyo, na kwamba kwa mtalii hiyo ni ishara tu. Akarudi jikoni. Naamini alishindwa hoja.

Jumamosi, 23 Novemba
Mgeni amemenya ndizi na Shangazi tangu asubuhi. Anamwita “Ma.” Mchana Avit alimpeleka Muleba kwa pikipiki, akaliona ziwa. Hujuma.

Jumapili, 24 Novemba
Lukmani alitoa pesa. Shangazi akamkunjia vidole juu ya noti zake.
“Weka, mwanangu. Ndugu halipii kitanda kwao.”
Nikapinga kwa dakika arobaini. Nikataja sheria ya mikataba.
“Basi kumbe ni mgeni, si ndugu?” akauliza Shangazi. “Kahawa ulimpa nani?”
Lukmani alikuwa analia kwa furaha. Hana ndugu wa kiume, alisema.
Avit anahamia Jumatano. Ndugu yangu atapiga picha za harusi, bure.

Alhamisi, 28 Novemba
Niko Ijuganyondo, kwa dada Evodia. Nimechunguza kosa: sherehe ilikuwa fupi mno. Mgeni ajaye atapokewa kwa ngoma, atapewa jina la ukoo, na Shangazi mwenyewe atamtambulisha kwa majirani. Evodia bado hajaambiwa ahame chumbani mwake kumpisha mgeni huyo. Nimeandaa hoja kumi na mbili.