Uzinduzi wa Mradi wa Macho Juu katika Idara ya Vibali na Mihuri

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Vibali na Mihuri, ambaye ndiye mimi. Mheshimiwa Kaimu Mkuu wa Idara, ambaye pia ni mimi mpaka hapo barua ya mwenzangu itakapotoka. Bwana Mhasibu na suti yako mpya. Bibi Masijala, mlezi wa mafaili yetu yote, yaliyopo na yaliyopotea. Dada wa Mapokezi, sura ya idara hii. Waheshimiwa madereva, wahudumu wa chai, Bwana Mlinzi pale mlangoni. Shemeji zangu wawili mliofika bila kualikwa. Na ninyi wananchi mliojaa humu ukumbini siku ya kazi: itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa. (Makofi. Shemeji mmoja anasimama na kuinama.)

Nimesimama mbele yenu kwa furaha isiyo na kifani kuzindua Mradi wa Macho Juu, yaani frimuweki jumuishi na shirikishi ya kutumia mafundisho ya Kibuddha katika kuratibu, kudhibiti na hatimaye kupunguza matumizi ya skrini mahali pa kazi, mradi ambao stekiholda mbalimbali walisema hautawezekana, nami nikawajibu kwa barua yenye kumbukumbu namba kwamba utawezekana, tena kwa kasi. (Makofi.)

Tumefikaje hapa? Ndugu zangu, simu zimetumaliza. Utafiti nilioufanya mwenyewe kwa kuchungulia dirishani unaonyesha kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya wafanyakazi wetu huzungumza na mteja huku macho yakiwa kwenye simu, asilimia kumi na mbili hawazungumzi kabisa, na hiyo inayobaki ni Bwana Mlinzi, ambaye simu yake ilitumbukia kwenye ndoo. (Kicheko. Mlinzi anapunga mkono.) Na mimi mwenyewe sijisafishi. Nyumbani kwangu mke wangu hunitumia ujumbe kwamba chakula kiko mezani, ilhali mimi nimeketi kwenye meza hiyo hiyo, nami humjibu kwa kile kidole gumba cha njano. Tumeishi hivyo mwaka mzima, na sitawaficha, inaniuma. Lakini turudi kwenye takwimu.

Mungu si Athumani. Jumatatu asubuhi niliposhuka garini nilimkuta kwenye benchi la mapokezi mtawa wa Kibuddha, kichwa kimenyolewa, joho la rangi ya machungwa, mikono imetulia magotini. Nikamwuliza Dada wa Mapokezi, "Yule ni nani?" Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, akanijibu, "Anakaa tu." Anakaa tu, ndugu zangu. Nikaelewa papo hapo kwamba huyu ni mtaalamu. Akakaa Jumatatu, akakaa Jumanne, akakaa na jana, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, hakununa, hakugomba, hakuomba hata maji. Katika ripoti niliyoipeleka makao makuu nimeiita semina ya vitendo ya siku tatu, na makao makuu wametupongeza. Leo nimemwondoa kwenye benchi nikampandisha hapa meza kuu. Huyu hapa, Mshauri Mwelekezi wetu. (Makofi marefu. Mtawa ananyanyua karatasi na kusema kwa upole, "Mheshimiwa, naomba mhuri tu. Mama yangu anaumwa, na basi la kuvuka mpaka linaondoka saa saba mchana.")

Mmemsikia alivyo mnyenyekevu. Tutampa nafasi yake baadaye, kwa mujibu wa ratiba. (Mtawa anatazama saa ya ukutani. Ni saa tano na nusu.)

Sasa tuingie kwenye mafundisho yenyewe. Buddha alifundisha kweli nne. Ya kwanza, kwamba maishani kuna mateso, na hii idara yetu imeitekeleza kwa asilimia mia moja, hasa pale dirisha namba tatu. (Kicheko, kikubwa zaidi upande wa wananchi.) Ya pili, kwamba chanzo cha mateso ni uchu. Mtu anaweka picha yake mtandaoni akiwa amesimama kando ya gari lisilo lake, kisha kila baada ya dakika mbili anafungua simu kuhesabu nani ameipenda, na shangazi yake asipoipenda, siku imeharibika. Ya tatu, kwamba uchu huo unaweza kukoma, na kwa hilo tumeunda kamati. Ya nne, kwamba iko njia yenye sehemu nane, nasi hatukulala, tumeunda kamati ndogo nane, na kila kamati ina kundi lake la mtandaoni la kujadili namna ya kupunguza kushika simu. Mimi nimo katika makundi yote nane. Jana peke yake nilipokea jumbe mia nne na kumi na sita za utulivu. (Makofi kutoka kwa wenyeviti wa kamati. Wanapiga kwa mkono mmoja juu ya paja, maana mwingine una simu.)

Kamati ya Kauli Njema imetoa mwongozo kwamba kabla hujatuma ujumbe ujiulize kama ni wa kweli, kama una faida, na kama wakati wake umefika. Impakti yake imeonekana mara moja: kundi la wafanyakazi limekuwa kimya siku nne, isipokuwa Bibi Masijala anayeuliza nani kachukua kikombe chake. (Bibi Masijala: "Na sijajibiwa mpaka sasa.") Kuhusu Njia ya Kati, ambayo Buddha aliisisitiza sana, nimekwisha agiza korido ya katikati ipakwe rangi ya krimu.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Mtu pekee aliyepata kuzungumza na Mshauri ana kwa ana ni Mama wa Usafi, naye ametupatia data zenye ubora wa hali ya juu. Alikuwa anapiga deki chini ya benchi akamwuliza, "Kaka, huna hata simu ikupotezee muda?" Akajibu, "Ninayo, mama. Dada yangu hunipigia kunieleza hali ya mgonjwa. Akipiga, napokea. Ila mkono unapotaka kuichukua bila kuitwa, nautazama tu. Hamu inakuja, inakaa kidogo, inaondoka. Simu haina kosa. Kazi ni kuujua mkono wako unashika nini." Mama wa Usafi ameniambia amelijaribu jambo hilo mara sita akafaulu mara mbili. (Mama wa Usafi, kutoka nyuma: "Tatu sasa, bosi.") Mara tatu. Nami nilijaribu jana kwenye lifti. Nilifika ghorofa ya pili, nikasalimu amri.

(Mtawa anasimama. "Mheshimiwa, niwie radhi. Ni saa sita na robo.")

Subira, Mshauri, subira. Wewe ndiwe uliyetufundisha. (Mtawa anaketi. Wananchi wa safu za mbele wanatazamana.)

Waheshimiwa, kabla ya kukata utepe wa Chumba cha Utulivu, ambacho mlango wake mnauona pale umefungwa kwa heshima, itifaki inanitaka nisome ripoti ya Mshauri, ambayo kwa siku zote tatu ameishika mkononi bila kuiachia hata mara moja, jambo linaloonyesha uzito wake. Ilete, ilete, usione haya. (Anaichukua karatasi. Anavaa miwani.) "Maombi ya Kibali cha Kusafiri." Kichwa kizuri sana, kwani binadamu yupi si msafiri. "Sababu ya safari: kumwona mama yangu mzazi, hali yake imekuwa mbaya." Huu ni mfano hai, ndugu zangu, unagusa. "Tarehe ya fomu kupokelewa dirishani." Hapa pako wazi. "Jina la afisa aliyemhudumia mwombaji." Na hapa pako wazi. "Kwa matumizi ya ofisi pekee..."

(Anavua miwani. Anaifuta kwa tai. Anaivaa tena.)

Ndugu zangu, hii ni fomu yetu. Chini kabisa kuna saini yangu iliyochapwa. Huyu bwana hakuja kutufundisha kitu. Amekaa siku tatu mbele ya dirisha letu akisubiri mtu amtazame, na mimi nimepita mbele yake si chini ya mara sita, nikampiga na picha mbili za kuweka kwenye ripoti. Nimeona aibu.

(Dada wa Mapokezi amesimama. Anaiacha simu yake kwenye kiti, inatetemeka, haigeukii. Anakwenda hadi meza kuu, anatoa mhuri mkobani, anamtazama mtawa usoni. "Mama ana umri gani, kaka?" "Sabini na nane." "Nisamehe, kaka yangu. Ulinisalimia kila asubuhi, nami nilidhani naitikia." Anaandika tarehe, anaandika jina lake, anagonga mhuri. Sauti inasikika ukumbi mzima.)

Dereva, chukua gari langu umwahishe stendi. Utepe utasubiri. (Mtawa anapokea karatasi kwa mikono miwili, anainamisha kichwa kwa Dada, kisha anatoka upesi, pindo la joho amelishika mkononi. Ni saa sita na dakika thelathini na tano. Watu wanampisha njia.)

Basi, nikirejea kwenye ukurasa wa tisa wa hotuba yangu, naona hapa pameandikwa kaulimbiu. Nikisema macho, mniitikie juu. Macho? (Wachache: "Juu.") Nikisema simu, mniitikie mezani. Simu? (Wengi zaidi: "Mezani.") Mteja? Hilo halimo kwenye karatasi, nimeliongeza sasa hivi, wala sijui mtaitikia nini. (Mama wa Usafi: "Mtazame.") Ahsante, mama.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mchoraji wa bango, kwa kuwa bango limepatikana. Nawashukuru wenyeviti wa kamati nane ambazo hazijawahi kukutana. Namshukuru aliyefunga utepe kwenye Chumba cha Utulivu, ambacho ni stoo ya viti, na viti vyenyewe ndivyo mlivyovikalia. Nayashukuru makao makuu kwa pongezi zao za dhati kwa mradi usio na mshauri, usio na chumba, na ambao, nikiri mbele yenu kabla hawajatuma wakaguzi, haukuwapo hata siku moja. Namshukuru Dada wa Mapokezi, aliyemhudumia leo mteja mmoja, hilo likiwa ni ongezeko la asilimia mia moja tukilinganisha na sifuri ya asubuhi. (Makofi, ya mikono miwili.)

Na ninyi wananchi, nawashukuru kwa namna ya pekee kwa kujitokeza kwa wingi kiasi hiki, jambo ambalo tangu nianze kuhutubia nimelihesabu kuwa ni mapenzi yenu kwangu. Ila kabla hatujaachana, kama yumo humu mwingine ambaye alikuja kusubiri huduma dirishani, tafadhali anyooshe mkono nimwone.

(Ukumbi mzima unanyoosha mikono, isipokuwa meza kuu.)