Walinzi wa Asumini ya Costancia

Kilosa. Jumatatu, 6 Aprili 1970

Mke wangu kapanda treni ya asubuhi kwenda Kimamba. Ida wetu anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Costancia kaniachia agizo moja tu: nimtunzie asumini yake, ile ya kwenye debe barazani, aliyopewa na marehemu mama yake tulipooana. Nikamwambia asiwe na shaka. Nilipunga mkono mpaka ukabaki moshi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jioni, balaa! Majani yametobolewa. Panzi! Na viwavi! Kornelio, jirani yangu na karani mwenzangu stesheni, kachungulia juu ya ua, akaniuliza aje na pampu yake ya dawa. Waridi zake zinang'aa, na anajua zinang'aa. Nikamjibu kwamba dawa yake inatoka ng'ambo na nchi hii inajitegemea. Nitatumia nguvu kazi ya hapa hapa.

Vyura.

Jumanne, 7 Aprili

Nimewakusanya mtaroni kwa kofia ya kazi. Nikawapanga debeni kama askari. Wamelala mchana kutwa. Panzi mmoja katua kichwani mwa chura mkubwa, kasugua miguu, karukia jani, kala. Chura hajui kupanda! Hilo sikulifikiria.

Nimepika ugali. Mbichi katikati. Chura mkubwa alinitazama nikila. Nikamsimulia habari za Ida, jinsi alivyokuwa mdogo akiogopa honi ya treni. Msikilizaji mzuri. Kazini, bure kabisa.

Alhamisi, 9 Aprili

Kinyonga! Yeye anapanda. Nimemtoa kwenye kichaka kando ya reli, kwa kijiti, maana kumshika sithubutu. Ulimi ukatoka, panzi hayupo. Nilipiga makofi peke yangu.

Ubaya ni majirani. Akina mama hawapiti tena mbele ya baraza langu. Balozi wa nyumba kumi, Bwana Yeremia, kaja kuuliza kama ninafuga uchawi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kuwa ni kilimo. Kaitikia marahaba akiwa amesimama mbali sana.

Ijumaa, 10 Aprili

Kornelio kaja tena kunihubiria pampu. Kinyonga alikuwa juu kwenye boriti, akamdondokea kofiani. Kornelio alipiga yowe, akakimbia, akatumbukia mtaroni. Nilicheka. Kisha nikaona hainuki.

Kifundo cha mguu kimeteguka. Nimembeba mgongoni mpaka kwake, nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Ndani kwake kimya. Ni mgane tangu mwaka juzi. Nikiwa nafunga kitambaa, kasema bila kunitazama:

"Waridi zile ni za Selestina. Nikiona mdudu juu yake, ndugu yangu, sivumilii."

Nikamchemshia chai. Niliikoleza sukari mno. Kainywa yote.

Kinyonga katoroka.

Jumapili, 12 Aprili

Baada ya kanisa nimepata mlinzi wa kweli. Kalunguyeye! Mdogo, ana miiba, hakuna atakayemchokoza. Na kiwavi akianguka chini, kwisha. Nimemwachia baraza lote.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeamka nikakuta debe limepinduka. Kalunguyeye alikuwa akitafuta funza kwenye udongo, na amewapata. Asumini imelala sakafuni, mizizi juu, matawi yamevunjika.

Nilikaa chini kando yake. Sikwenda kunywa chai.

Kornelio kaja akichechemea na fimbo. Hakucheka! Kakata matawi yaliyovunjika, kashika shina, mimi nikashindilia udongo kwa viganja. Kaimwagia maji polepole. Pampu hakuitaja. Tumechelewa kazini sote wawili.

Alhamisi, 16 Aprili

Costancia karudi! Ida kajifungua salama, mtoto wa kike, ana masikio yangu, maskini. Nilimpokea stesheni nikiwa nimeandaa maelezo marefu. Kafika barazani, kaona kishina kitupu, kaona vyura. Nikavua kofia.

Kacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Baba Ida, mama alinipa asumini hii ikiwa kijiti. Itaota. Mimi nilikuwa nahofia nitakukuta umekonda."

Kisha kanishika shavu kuhakikisha. Nimekonda. Kaenda jikoni moja kwa moja.

Jumamosi, 18 Aprili

Kishina kimetoa jani! Moja, dogo, la kijani kibichi. Tumeliangalia sote watatu, Kornelio naye kaja na kiti chake.

Juu ya jani: kiwavi.

Kornelio akasema pampu iko tayari. Costancia akasema kiwavi mmoja huondolewa kwa kidole. Nikawatuliza. Kule Mvumi kuna komba wengi. Komba anapanda, anakula wadudu, hachimbi. Tena ana mikono!

Kornelio amekataa mara mbili kwenda nami kumkamata mmoja. Lakini ameniuliza gunia liwe la ukubwa gani.