Ombi la Mama Metrine Kupokelewa Kama Mbwa wa Mbio Aliyestaafu

Rosebellah Nasimiyu,
Malaz, Riyadh.
Jumatatu, 14 Machi 2016

Kwa Madam Umm Turki,
Mwenye Makao ya Mbwa wa Mbio Wastaafu,
Al-Nuzha, Jeddah.

(Metrine, wewe ndiwe mkalimani wa Madam. Msomee yote. Usiruke, usilainishe. Nilikuzaa mimi, nitajua.)

Mheshimiwa Madam,

KUH: KULAZWA KWANGU KWAKO

Pokea salamu za mama wa mfanyakazi wako Metrine, yule mrefu mwenye mwanya. Natumaini wewe, watoto na mbwa wote kumi na mmoja mko salama. Mimi ni mzima isipokuwa goti, na hilo nitalieleza katika namba 4 kwa sababu ni cheti.

Kwanza asante kwa kumfanya binti yangu daktari. Najua ulimwajiri afue na kupiga deki, lakini sasa anadunga sindano, anafunga bandeji, na mwezi jana alimtia mbwa mzee matone ya macho mpaka akaanza tena kumwona paka. Nimewaambia Wakenya wote ninaokutana nao tukitupa takataka hapa Malaz, na waliochoka kusikia nimewaambia tena. Hakuokota kipaji hicho njiani. Kwetu Kimilili ng'ombe akiteguka mguu, niliitwa mimi.

Sasa malalamiko.

1. Mimi na Metrine tuko nchi moja mwaka wa pili na hatujaonana hata siku moja. Tulipoondoka nyumbani watu walidhani huku tutakuwa tukiombana chumvi. Nimemwomba madam wangu ruhusa ya kuja Jeddah mara nne. Jibu ni lile hapana lile lile: "Mafi, Rosa. Jeddah mbali." Mkataba wangu umekwisha. Ijumaa hii ndege inanirudisha Kenya kutoka hapa hapa Riyadh, na Metrine bado ana miaka miwili kwako.

2. Uani kwetu kuna mbwa wa bosi, jina lake Barq, yaani umeme, ingawa siku hizi ni umeme wa kukatikakatika. Ana miaka kumi na miwili na meno manne. Zamani alishinda mbio. Sasa akitaka kusimama hufikiria kwanza. Bosi alikupigia simu moja tu kumwombea nafasi. Simu moja, Madam! Kesho asubuhi dereva wako Danson anakuja kumchukua kwa gari lenye AC. Hakuulizwa ikama, kile kibali cha kukaa nchini. Hakuulizwa Jeddah anakwenda kumwona nani. Mbwa huyu ataonana na binti yangu kabla yangu mimi, na atakandwa na mikono niliyoinyonyesha.

3. Nilimuuliza Metrine masharti ya kupokelewa kwako. Akasema awe mzee, awe alikimbia mbio, awe amechoka, na awe hana tena kazi kwa mwenyewe. Nimeyapitia masharti hayo wiki nzima nikipiga pasi, na sijaona mahali yanaposema awe na mkia.

4. Vyeti vyangu ni hivi. Mbio: mwaka 1979, darasa la saba, nilikimbia mita mia nane mpaka ngazi ya wilaya, bila viatu, nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, na filimbi ilikuwa ya huyo huyo mwalimu. Goti: la kulia, hutabiri mvua, ila hapa Riyadh limekosa kazi. Umri: pasipoti inasema arobaini na nne. Kwa ombi hili tu, tumia hamsini na moja. Ukimaliza unirudishie arobaini na nne yangu.

5. Nasikia wagonjwa wako hula kuku wa kuchemsha aliyetolewa mifupa. Mimi nipe na mifupa yake. Sibweki, sichimbi bustani, najiogesha mwenyewe, na nikiona wenzangu wachafu nitawaogesha pia.

6. Usidhani nina wivu. Madam wangu huwaambia wageni, "Huyu si mbwa, huyu ni saluki." Sawa, ni mbegu ya mbwa wa mbio wa Waarabu. Na mimi si mfanyakazi tu, mimi ni mama yake Metrine, na hiyo nayo ni mbegu ya pekee. Ila mimi na mbwa hatuna mazungumzo. Kwetu mbwa hulala nje na kulinda. Huyu Barq nimekaa naye miaka miwili bila kumgusa hata kwa ufagio.

Kwa hiyo naomba nafasi ya siku mbili. Wenzangu huwapa maisha yote, mimi nataka mbili tu: ya kwanza nimtazame, ya pili nimsuke. Kisha nirudishwe Riyadh nipande ndege kama binadamu. Kesho nitampa Danson barua hii aje nayo.

Wasalimie watoto, mama mkwe, na wagonjwa wote kila mmoja kwa jina lake, hasa yule wa macho.

Ni mimi mtiifu nisiyebweka,
Rosebellah Nasimiyu (Mama Metrine)

N.B. Jumanne, kituo cha mafuta, karibu na Taif.

Madam, Barq alikataa kupanda gari. Danson alimvuta, bosi alimbembeleza, Justus mlinzi alimsukuma matakoni. Akaenda kukaa kwenye mlango wa jikoni kwangu, akalia kama mtoto aliyeachwa shuleni siku ya kwanza. Nikatoka kumwambia aende salama. Nikamsindikiza mpaka garini, nikapanda, akapanda. Nikashuka, akashuka. Mara tatu. Madam wangu akanitazama: "Rosa, tangu lini?"

Namba 6 ina kasoro. Kwa ufagio sijamgusa, hilo ni kweli. Kwa mikono, tangu baridi ilipoanza, kila asubuhi nimekuwa nikimkanda miguu kwa mafuta ya nazi na kumlowekea mkate kwenye maziwa. Metrine ndiye aliyenielekeza kwa simu namna ya kukanda. Nilimdanganya kwamba ni goti langu.

Bosi akasema, "Yalla, nenda naye. Siku mbili, halas," akaandika karatasi ya ruhusa juu ya boneti. Sasa kichwa cha Barq kiko mapajani mwangu, na gauni nililolitunza kwa ajili ya ndege limejaa mate. Futa ombi langu, namba 1 mpaka mwisho. Nafasi ni ya huyu. Mwanzieni mguu wa nyuma wa kushoto, ndio unaomsumbua.

Danson anasema desturi ni mbwa kushuka kwanza. Leo hapana. Yeye ataipenyeza barua hii chini ya geti, nami nitakuwa nimesimama nje ya geti hilo.

Metrine, usimsomee Madam. Iweke chini. Fungua geti.