Kampeni Yangu ya Kiangazi

Jumatatu, 24 Februari 1992

Vumbi. Pua imekauka. Redio ya asubuhi imetoa mwelekeo wa hali ya hewa: upepo mkavu, nyasi za vilimani ziko tayari kushika moto, masika yatachelewa mpaka katikati ya Machi. Nikaweka kikombe chini. Nimepata!

Jumapili tunachagua mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa wetu huku nyumba za reli, Nsambya. Odera, jirani yangu, anakitaka kiti. Ahadi yake? Kuzibua mitaro. Mitaro! Katika ukame huu! Mimi nitagombea kwa moto. Yaani dhidi ya moto.

Zamani, Reli ilipokuwa Reli, kila mlango hapa ulikuwa na ndoo nyekundu ya mchanga. Filimbi ikilia, wanaume tumenyooka, kaptula zimepigwa pasi. Nilikuwa karani wa mizigo, mwembamba kama mwanzi. Hata mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Vita vilipokwisha watu walirudi. Mawe hayakurudi. Yamekuwa mafiga.

Nimemweleza mke wangu, Moreen, mpango wangu. Akasema, Baba Nakhisa, wewe hata jiko la mkaa linakushinda. Wivu.

Jumatano, 26 Februari

Rangi nyekundu nimepata. Ndoo sina. Nimechukua za Moreen, pamoja na beseni lake la kufulia. Zimependeza mno! Nimezijaza mchanga. Moreen aligundua alipotaka kuoga. Hatusemeshani.

Odera yuko mtaroni na jembe tangu asubuhi. Nilimwuliza kama anawajengea panya nyumba. Akajibu kwa upole kwamba masika hayana kalenda, ndugu yangu. Nikamjulisha kwamba kalenda imesomwa redioni. Mtu hasikilizi habari halafu anataka uongozi!

Jioni upepo ulileta harufu ya nyasi zinazoungua. Nikasimama mlangoni. Kwetu Bungoma, Februari ilikuwa mwezi wa majivu. Baba akichoma shamba, sisi watoto tukikimbiza kware mbele ya moto, nyayo nyeusi, tukilala tunanuka moshi. Kisha kungoja. Nyumba nzima ikitazama upande wa Mlima Elgon, hakuna anayelitaja neno mvua, isije ikaogopa.

Chai imepoa mkononi. Hii nitaitia kwenye hotuba.

Ijumaa, 28 Februari

Maonyesho ya kuzima moto, mbele ya nyumba yangu. Watu wengi! Nikapuliza filimbi. Nikawasha tita dogo la nyasi. Nikakamata ndoo.

Rangi ilikuwa bado mbichi, maana nilizipaka tena asubuhi. Kiganja kikaganda. Na ndoo ilikuwa tupu. Moreen alikuwa ameirudisha kwenye kazi yake ya kuoga bila kunitaarifu. Nikakimbilia beseni. Nguo ndani.

Ndipo upepo ulipofika. Moto ukaruka kutoka kwenye tita hadi kwenye kipenu changu cha matete, kivuli pekee cha baraza yangu. Mama mmoja wa Kiganda akapiga kelele: "Mzee, nyumba inaraka!" yaani inawaka. Odera akachovya gunia kwenye pipa lake, akaupiga moto mpaka ukafa. Wakamshangilia. Kipenu kimebaki vijiti vinne.

Tathmini: maonyesho yamefaulu. Sasa hakuna asiyejua hatari ya moto.

Jumapili, 1 Machi

Siku yenyewe. Kura huku ni kujipanga: unasimama nyuma ya umtakaye, basi. Msimamizi ni Bi Kulusum wa Nateete, mwenye duka la vitambaa, mwanamke wa miwani na sauti moja tu: amri.

Odera alisema mitaro, akakaa.

Mimi nilianza na moto. Watu wakatazama vijiti vyangu, wakacheka. Nikaikunja karatasi. Nikajikuta nawaambia kuhusu mawe meupe. Kuhusu bendi ya klabu kila Jumamosi. Jinsi treni ya jioni ilivyoingia, na kina mama wakatoka na magauni safi kwenda kupokea waume. Nikawataja waliokuwa wakikaa hapa, nyumba kwa nyumba: waliohama, na waliochukuliwa wasirudi. Bibi mmoja akajifuta macho. Na mimi pia. Vumbi.

Wakajipanga. Mstari wangu ulikwenda hadi kona, ukapinda! Wa kwanza Moreen, amenisamehe ndoo. Nyuma ya Odera alisimama mkewe na walevi wawili.

Bi Kulusum akainua kidole aanze kuhesabu. Tone likaniangukia puani. Nikatangaza kwamba ni ndege. Kisha mbingu zikapasuka.

Watu wakatafuta baraza yenye paa. Yangu, vijiti. Mtaa mzima ukajaa kwa Odera.

Nikabaki uwanjani peke yangu. Ardhi ikatoa ile harufu. Kwa muda kidogo nilikuwa Bungoma tena, mdomo wazi, ulimi nje, na Baba amesimama shambani bila kofia, akicheka. Sikukumbuka uchaguzi hata kidogo.

"Baba Nakhisa, njoo! Utaugua kifua!" Moreen akaita.

"Mstari wangu uko hapa!"

Akatoka, akanishika mkono, akanivuta hadi barazani. Nikabanwa mlangoni, nyuma ya mgongo wa Odera. Bi Kulusum, miwani imelowa, alikuwa anamalizia hesabu. Akanigusa bega. "Na wewe wa mwisho."

Nikapinga. Akaniuliza kama sijasimama nyuma ya Odera. Nilikuwa nimesimama.

Odera amechaguliwa kwa kauli moja. Mimi nikiwemo.

Jumanne, 3 Machi

Mafua. Blanketi. Moreen ameleta chai ya tangawizi, akakaa kitandani. Anasema hotuba yangu ilimkumbusha Jumamosi tuliyocheza klabuni kwa mara ya kwanza, nikamkanyaga vidole wimbo mzima, naye hakusema, asije akanikatiza. Miaka yote hii sikujua! Tulicheka hadi nikakohoa.

Odera alikuja kunijulia hali. Maji yote yalipita mtaroni, hayakuingia nyumba hata moja. Ameniomba niwe mkuu wa kikosi cha zimamoto cha mtaa. Katika masika! Dharau iliyoje. Nimekubali, ili nimchunguze kwa karibu.

Maana redio imesema leo: ile ilikuwa mvua ya kupita tu, jua kali linarudi mpaka mwisho wa wiki. Nimemwandikia Bi Kulusum uchaguzi urudiwe Jumapili, katikati ya uwanja, mbali na baraza ya mtu yeyote. Redio haiwezi kukosea mara mbili.

Moreen anaanua nguo mbiombio, sijui kwa nini. Kunanguruma huko nje. Garimoshi la Tororo, bila shaka.