Binti Bunduki na Tumbo la Mkurugenzi

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma kwamba bunduki ya jeshi letu imekuwa msichana. Haikuwa ajali. Kilikaa kikao, kikaamua.

Vijana walikuwa wameacha kujiunga na jeshi, wamezama kwenye simu wakicheza magemu. Mkurugenzi wa Uhamasishaji, ambaye mimi ni katibu wake, akaelekeza tuwafuate hukohuko: lipatikane gemu la taifa, na shujaa wake awe bunduki yetu, iliyopewa umbo la binadamu.

Kamati ikachapa kazi. Je, bunduki iliyozeeka kazini inaweza kuitwa binti? Mwanasheria akasema inaweza, maadamu haijaolewa. Je, huyo binti ashike bunduki? Hapana, atakuwa amejishika mwenyewe, na kanuni ziko kimya. Kifyatulio je, kikae wapi? Hapo tulienda kunywa chai kwanza. Tuliporudi tukakubaliana kiwe hereni.

Kuchora tuliuachia mtambo. Fundi wa kompyuta, dada mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa kwenye mkataba wa muda, alitueleza kwamba mtambo hulishwa picha za kitu mpaka ukizoee, kisha ukiandikiwa maneno, unakichora.

"Sasa naomba picha za bunduki," akasema.

Tukampa zote za idara: Mkurugenzi akikabidhi bunduki, Mkurugenzi akikabidhiwa bunduki, Mkurugenzi akikata utepe kwenye ghala la bunduki, Mkurugenzi kasinzia kwenye gari, bunduki ikiwa begani kwa mlinzi.

Fundi akazipitia moja moja. "Samahani, bosi. Umo kwenye kila picha. Mtambo utadhani bunduki ni wewe."

"Ubaya uko wapi?"

"Hakuna hata moja ya bunduki peke yake?"

"Bunduki peke yake ni hatari," akasema Mkurugenzi. "Lisha hivyo hivyo. Na kazi ikiharibika, ujue mkataba wako umekwisha."

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama dari, kwa mujibu wa utaratibu.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika vijana. Waziri akaketi mbele ya kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja: Binti Bunduki akipambana na adui.

Kwenye ukuta akatokea msichana mwenye hereni nzuri sana, sharubu na kitambi. Alikuwa akikata utepe. Adui alikuwa amemshikia ncha ya pili.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Hitilafu ndogo," akasema Mkurugenzi, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa, jaribu tena."

Waziri akaandika: Akikimbilia mstari wa mbele. Binti akatokea kwenye kiti cha nyuma cha gari la serikali, kioo kimepandishwa, mdomo wazi, amelala fofofo.

"Ni huyu!" Mkurugenzi akamnyooshea fundi kidole. "Amenihujumu huyu!"

Fundi akasimama. "Mheshimiwa, mtambo haumjui mtu wala haumchukii mtu. Unachora ulichoonyeshwa. Kama kuna picha ya bosi akifanya kazi nyingine, niletewe, niulishe leo hii."

Waziri akanigeukia. "Katibu, ipo?"

Nilijibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi.

Waziri alicheka mpaka akavua miwani. Fundi akaajiriwa moja kwa moja, na gemu likatoka hivyo hivyo lilivyo. Likapendwa kupita kiasi. Nina furaha kutangaza kwamba uhamasishaji ulifanikiwa: vijana walifurika kambini, foleni ikazunguka ukuta. Ila kila aliyeulizwa anataka kazi gani alijibu ileile, kukata utepe.

Nafasi zote za utepe zikajaa. Zikabaki za lindo. Waziri akauliza ni nani serikalini mwenye picha nyingi zaidi akiwa na silaha. Jibu halikuhitaji kamati.

Kwa hiyo nawaandikia kutoka lindoni, kwani bosi hahami bila katibu wake. Jana sajenti alitugawia bunduki halisi. Mkurugenzi akaigeuza huku, akaigeuza kule, kisha akaninong'oneza: "Katibu, hii inatazama wapi?"

Nikashauri tuunde kamati ndogo. Sajenti alikubali, ila akasema tutajadiliana tukiwa tunakimbia.